SOMO LA ROBO HII: KUPE, DAMU NA JOSHO LILILOKAUKA

Katika matoleo yaliyopita somo la ukurasa huu limehusu visima, hifadhi ya nafaka na ufugaji wa kuku. Robo hii tumeona tuzungumze juu ya mdudu ambaye mtoto wa Usukumani anamfahamu kabla hajaanza darasa la kwanza, yaani kupe, na juu ya homa moja ya hatari anayoweza kumwambukiza mtu. Wataalamu huiita homa ya Crimea-Kongo. Ni homa ya virusi inayoweza kumfanya mgonjwa atokwe na damu.

Hatuandiki kwa sababu mlipuko umetangazwa Bariadi. Tunaandika kwa sababu ya msiba mmoja, na maswali tuliyoulizwa pale msibani ambayo hakuna hata mmoja wetu wa ofisi ya miradi aliyeweza kuyajibu.

Msiba wenyewe ulikuwa hivi

Miaka michache iliyopita, katika mtaa mmoja wa vijijini, alifariki kijana aliyekuwa akiimba besi kwenye kwaya. Siku za mnada alikuwa kibarua wa kuchinja na kuchuna ngozi. Aliugua ghafla: homa kali, kichwa, mgongo, macho yaliyokataa mwanga. Nyumbani walinunua dawa ya malaria dukani. Siku ya nne akatapika na kuharisha, akapelekwa kutibiwa na kuchomwa sindano. Siku ya sita pua ikaanza kutoa damu, na pale alipochomwa sindano damu ikawa haikatiki. Siku ya tisa akafa.

Tulikwenda kuzika. Mwili ulioshwa na wajomba zake kwa mikono mitupu, kama tulivyozoea, na mashuka yaliyolowa damu yakafuliwa na dada zake kwenye karai. Katika sisi tuliokuwepo, watu wenye elimu na pikipiki za mradi, hakuna aliyeuliza swali lolote. Tuliimba, tukatoa rambirambi, tukaondoka.

Matanga hayajaisha, maneno yakaanza. Kijana mzima atokwe damu puani bila kupigwa? Macho yakamgeukia bibi yake, mzee ambaye naye macho yake ni mekundu kwa miaka mingi ya kupikia kinyesi cha ng'ombe kwenye jiko la moshi. Wasomaji wa mkoa huu hatuna haja ya kuwaeleza maneno ya namna hiyo huishia wapi. Wafadhili wetu pengine hawajui, hivyo tuseme wazi: katika ukanda huu wa Usukumani wanawake wazee wameuawa kwa mapanga kwa kudhaniwa ni wachawi, na mara nyingi chanzo ni kifo ambacho hakuna aliyekieleza. Mwinjilisti wa mtaa alimchukua bibi yule akalala nyumbani kwake majuma matatu mpaka joto liliposhuka.

Hatusemi kijana yule alikufa kwa homa ya Crimea-Kongo. Damu yake haikuchukuliwa kwenda maabara, kwa hiyo hakuna atakayejua. Tunachosema ni kwamba alikuwa na kazi, dalili na mwendo wa ugonjwa ambavyo vilitosha kumfanya mtu aulize, na kwamba swali lisiloulizwa hospitali liliulizwa mtaani, likampata mtu wa kulijibu kwa niaba ya bibi.

Jina hili limetoka wapi

Mwaka 1944, vita vikiwa bado vinaendelea, askari wa Kisovieti na wakulima katika rasi ya Crimea waliugua homa yenye kutokwa damu, wagonjwa wapatao 200. Mashamba yalikuwa yametelekezwa wakati wa vita, sungura wa porini wakaongezeka, na kupe wakaongezeka pamoja nao. Miaka kumi na miwili baadaye, mwaka 1956, huku kwetu Afrika, katika mji wa Stanleyville ambao leo ni Kisangani, daktari Ghislain Courtois alitenga virusi kutoka damu ya mvulana wa miaka 13 aliyekuwa na homa. Muda si mrefu daktari mwenyewe akaugua, na virusi vilevile vikapatikana katika damu yake. Sampuli zilifanyiwa kazi Entebbe, katika Taasisi ya Utafiti wa Virusi ya Afrika Mashariki, na mwaka 1967 watafiti wa hapo wakachapisha habari za wagonjwa 12. Baadhi yao walikuwa watu wa maabara. Baadaye ikathibitika kwamba virusi vya Crimea na vya Kongo ni kitu kimoja, na ndipo majina mawili yakaunganishwa.

Kwa hiyo, wapendwa, huu si ugonjwa mpya uliotoka mbali juzi. Sehemu ya historia yake iliandikwa ng'ambo ya ziwa letu.

Baada ya hapo Uganda ilikaa miaka mingi bila kuusikia sana. Mwaka 2013 ukathibitishwa wilayani Agago, kaskazini. Tangu hapo umerudi tena na tena, hasa katika ukanda wa ng'ombe, wilaya kama Nakaseke, Kiboga, Luwero na Isingiro. Isingiro inapakana na mkoa wa Kagera. Kenya nayo ilipata mgonjwa wake wa kwanza kuandikwa mwaka 2000, upande wa magharibi. Hapa Tanzania watafiti wamekwisha kukuta alama za maambukizi ya zamani katika damu ya watu na ya mifugo, maana yake virusi vimepita kwa watu ambao waliugua na kupona bila kuambiwa waliugua nini.

Kupe huyu ni yupi?

Hapa tuliwahi kuchanganya mambo kwenye semina moja, hivyo tusahihishe. Wazee wengi wakisikia homa ya kupe hukumbuka papasi, yule anayejificha kwenye nyufa za sakafu na kuta za udongo, akatoka usiku kuuma na kurudi. Papasi ana homa yake, inayokuja na kuondoka na kurudi tena, na husababishwa na bakteria. Inatibika kwa antibiotiki. Siyo hiyo tunayoizungumzia.

Pia siyo ndigana kali. Ndigana kali inaua ndama wetu na inaletwa na kupe wa kahawia wa masikioni, lakini haimpati binadamu.

Kupe wa homa ya Crimea-Kongo kwa kawaida ni wa jamii ya Hyalomma. Mfugaji anayeangalia vizuri atamtambua: ni mkubwa, mweusi au wa kahawia iliyoiva, na miguu yake mirefu ina pingili za rangi mbili, nyeupe na nyekundu-kahawia, kana kwamba amevaa soksi za mistari. Kupe wengine hupanda kwenye jani wakasubiri mnyama apite. Huyu akiona au kuhisi mnyama hutoka mafichoni akamkimbilia. Akiwa mdogo huishi kwa sungura na kwa ndege wa ardhini. Akikomaa hupanda ng'ombe, mbuzi, kondoo, na hupenda sehemu zisizo na manyoya mengi kama msamba, kinena, chuchu na katikati ya kwato. Ndege wanaohama huweza kumbeba nchi hadi nchi. Na ubaya wake mwingine ni kwamba kupe jike mwenye virusi huweza kuvipitisha kwenye mayai yake, hivyo kizazi kinazaliwa tayari na mzigo.

Jambo ambalo lilitushangaza zaidi tulipofundishwa ni hili: ng'ombe akipata virusi hivi haugui. Anakula, anacheua, anauzwa kwa bei nzuri. Kwa muda wa takriban juma moja damu yake ina virusi, kisha kinga ya mwili wake inavimaliza. Bwana mifugo akimkagua mnyama huyo asubuhi ya kuchinjwa ataona mnyama mzima. Tofauti na homa ya Bonde la Ufa, ambayo mwaka 2007 ilituonya kwa mimba za ng'ombe na kondoo kutoka kabla ya watu kuanza kufa, homa hii haimpi mfugaji taarifa yoyote zizini. Anayeugua kwanza ni mtu.

Mtu anaambukizwaje

Kwanza kwa kuumwa na kupe. Pili kwa kumpasua kupe, na hapa tunaomba akina mama na vijana wasikilize. Ni desturi ya watoto wachungaji kumng'oa kupe aliyeshiba na kumminya kati ya kucha mbili mpaka apasuke. Damu ile ikiingia kwenye mchubuko au jichoni inatosha. Tatu ni kwa kugusa damu na viungo vibichi vya mnyama wakati wa kuchinja, kuchuna, kuhasi, kukata masikio ya alama au kuzalisha. Tumewaona wachinjaji wakishika kisu kwa meno ili mikono ibaki huru kuvuta ngozi. Nne ni kutoka kwa mgonjwa kwenda kwa anayemhudumia, kwa njia ya damu na majimaji ya mwili, na kwa maiti.

Njia hiyo ya nne ndiyo inayowaogofya watu wa hospitali. Mwaka 1976 huko Rawalpindi, Pakistan, mgonjwa aliyekuwa na maumivu ya tumbo na kutokwa damu alipasuliwa kwa kudhaniwa ana tatizo la tumbo. Daktari mpasuaji na mhudumu wa chumba cha upasuaji walifariki, na wafanyakazi wengine wakaugua. Hawakuwa wazembe. Walimtibu mtu bila kujua ana nini.

Aliyeumwa na kupe huanza kuugua baada ya siku 1 hadi 3, mara chache hadi 9. Aliyegusa damu huchukua siku 5 au 6, na haizidi 13. Homa huja ghafla, pamoja na maumivu ya misuli, shingo kukakamaa, mgongo, kichwa, macho mekundu yanayoogopa mwanga. Kichefuchefu na kuharisha hufuata. Mgonjwa hubadilika tabia, mara mkali, mara amechanganyikiwa, kisha analegea na kusinzia. Halafu huonekana vidoa vya damu chini ya ngozi na mdomoni, damu ya pua, damu kwenye fizi, michubuko mikubwa pasipo kuanguka. Katika milipuko iliyoandikwa wamekufa kati ya wagonjwa 10 na 40 katika kila 100, wengi katika juma la pili. Wanaopona huanza kupata nafuu karibu na siku ya tisa au ya kumi.

Chanjo iliyoidhinishwa kwa matumizi mapana haipo, ya watu wala ya ng'ombe. Tiba kubwa ni kumsaidia mgonjwa: maji, damu, kupambana na kila tatizo linavyojitokeza. Dawa iitwayo ribavirin imetumika katika nchi mbalimbali, ingawa wataalamu hawajakubaliana juu ya nguvu yake. Kwa vyovyote, anayefika hospitali mapema ana nafasi kubwa kuliko anayeletwa siku ya saba kwenye baiskeli.

Kwa nini unarudi?

Uturuki iliutambua ugonjwa huu kwake mwaka 2002, na katika miaka iliyofuata ikahesabu wagonjwa zaidi ya 10,000. Hispania ilipata wagonjwa wake wa kwanza walioambukizwa ndani ya nchi mwaka 2016: mwanamume aliyeumwa na kupe akitembea mashambani, na muuguzi aliyemhudumia. Sababu zinatajwa nyingi: joto kuongezeka, mifugo kusafirishwa mbali, mashamba kuachwa pori. Maabara pia zimekuwa bora, hivyo kinachoitwa ongezeko kwa sehemu fulani ni macho kufunguka.

Lakini mfano unaotugusa sisi ni wa Iraki. Kati ya Januari mosi na tarehe 22 Mei 2022 nchi hiyo iliripoti wagonjwa 212, wakiwemo wa kushukiwa na waliothibitishwa, na vifo 27. Wengi walikuwa watu wanaogusa mifugo. Katika maelezo yaliyotolewa, jambo moja lilirudiwa: wakati wa korona kampeni za kunyunyizia mifugo dawa ya kupe zilisimama. Kupe hawakusimama.

Tuliposoma habari hiyo tulitazamana ofisini. Maana sisi tunalo josho letu.

Josho letu

Wazee wanakumbuka enzi ambazo kuogesha ng'ombe halikuwa jambo la hiari. Dawa ilitolewa na serikali, ng'ombe walipita joshoni kila juma, na asiyeleta mifugo yake aliulizwa. Serikali ilipojiondoa katika kugharamia dawa, miaka ya 1980 na 1990, majosho mengi yalikauka moja baada ya jingine. Mwishoni mwa 2018 wizara ilizindua kampeni ya kitaifa ya uogeshaji pamoja na ruzuku ya dawa, na katika vijiji vingine uhai ukarudi. Hatuwezi kusema hivyo kwa vijiji vyote.

Kabla ya hapo dayosisi, kwa fedha za marafiki wetu, ilikuwa imekarabati josho katika kijiji kimoja cha Bariadi. Kazi ilifanywa vizuri. Saruji ni ngumu, paa la bati, uzio, na kibao chenye majina ya waliochangia. Siku ya uzinduzi ng'ombe wa kwanza aliruka akawalowesha wageni, tukacheka sana, na picha ile ilichapishwa katika jarida hili. Josho lilifanya kazi misimu miwili. Leo ndani yake kuna majani makavu, na mbuzi hukaa kivulini chini ya lile bati.

Lilikufa kwa nini? Tumekuwa tukisema wafugaji hawakuhamasika. Tulipokaa nao chini ya mti bila karatasi ya mahudhurio na bila posho, wakatuambia vingine. Josho la namna ile hujazwa maji lita elfu kumi na kitu, na maji yako mbali. Msimu wa kwanza mradi ulilipa gari la maji, msimu wa pili pia, wa tatu hakuna aliyelipa. Dawa ya kujaza mara ya kwanza ni ghali, na ya kuongezea kila majuma kadhaa nayo ni fedha. Kamati ilikusanya michango, lakini pamba ilipouzwa kwa bei ya chini mwaka ule fedha zikaazimwa kwa mambo mengine na hazikurudi. Halafu wenye ng'ombe mia tatu walilipa sawa na mwenye ng'ombe sita. Huyo wa sita akaona anaonewa, akaacha. Ng'ombe wake wakabaki na kupe, na wakachunga pamoja na wale walioogeshwa.

Katika andiko letu la mradi kifungu cha uendelevu kilikuwa na mistari minne. Tuliiandika sisi.

Tunawaambia wafadhili wetu hivi kwa heshima: saruji inapigwa picha vizuri, dawa haionekani. Tukipewa kuchagua leo kati ya majosho matatu mapya na miaka mitano ya dawa na maji kwa josho moja lililopo, pamoja na mtu wa kuwafundisha wanakamati hesabu, tutachagua la pili bila kusita. Wale ambao sheria zao haziruhusu kugharamia dawa tunaomba watuandikie tuzungumze.

Baada ya josho kukauka, kila mtu alifanya alivyoweza. Wenye uwezo walinunua bomba la mgongoni. Wengine, na hili tumeliona kwa macho, huchukua dawa ya pamba iliyobaki wakawanyunyizia ng'ombe. Mkoa wetu ndio wa pamba, dawa hiyo haikosekani nyumbani. Ni kosa la hatari. Imetengenezwa kwa ajili ya wadudu wa pamba, si kwa ngozi ya mnyama, maziwa yanaweza kuingiwa na sumu, na anayenyunyiza bila kujikinga huivuta mwenyewe. Hata dawa halali ya kupe ikichanganywa nyepesi ili ifike kwa ng'ombe wengi, inaua kupe dhaifu na kuwaacha wagumu wazaliane. Fuateni kipimo kilichoandikwa kwenye chupa, na muulizeni bwana mifugo lini abadilishe aina ya dawa.

Kuku, kwa wale wanaouliza, kweli hula kupe na ni wasaidizi wazuri zizini asubuhi. Hawatoshi.

Kanisani na nyumbani

Sasa tuseme na kamati za sharika moja kwa moja, maana kuna mambo yaliyo mikononi mwetu ambayo hayasubiri mfadhili.

Sadaka ya mavuno inakaribia katika sharika nyingi. Tunaleta mbuzi, kondoo, pengine ndama, tunawanadi, na mara nyingi wengine wanachinjwa palepale uani kwa chakula cha pamoja. Vivyo hivyo kwenye harusi, na ng'ombe wa mahari huhama kutoka Meatu kuja Bariadi, kutoka Itilima kwenda Busega, pamoja na kupe wao. Tunashauri mnyama atakayechinjwa na usharika aogeshwe au anyunyiziwe dawa ya kupe majuma mawili kabla, kisha atengwe asipate kupe wapya. Majuma mawili yanatosha virusi kumalizika katika damu yake, na pia izingatieni ile idadi ya siku iliyoandikwa kwenye chupa ya dawa kabla ya nyama kuliwa. Wachinjaji wawe wawili au watatu wanaojulikana, wenye glovu, buti na aproni ya plastiki, na watoto wasisimame karibu kuchezea utumbo. Mwenye jeraha mkononi siku hiyo apumzike. Vifaa hivyo ni gharama ndogo. Usharika mmoja ulivinunua kwa fedha ya mnada wa maboga.

Nyama yenyewe isiogopwe. Mnyama akishachinjwa nyama hugeuka tindikali kidogo inapotulia, na virusi hivi havistahimili hali hiyo, wala havistahimili kupikwa. Tunasisitiza kwa sababu mwaka 2007, wakati homa ya Bonde la Ufa ilipowapata Watanzania 264 na kuua 109 kwa hesabu ya mwanzoni mwa Mei, watu wengi walikimbia nyama na wenye mabucha wakapata hasara kubwa. Hatari iko kwenye damu mbichi na mikono, siyo kwenye sahani ya pilau.

Kumtoa kupe mwilini mwa mtu, tumieni kibanio, au vidole vilivyofunikwa kwa mfuko wa plastiki. Mshike karibu na ngozi, vuta taratibu bila kumzungusha, mtumbukize kwenye maji ya sabuni au motoni. Osha mahali pale kwa sabuni. Watoto wachungaji wafundishwe hili katika shule ya Jumapili, na hatuoni aibu kulisema.

Mtu akipata homa, na katika wiki mbili zilizopita amechinja, amechuna, amehasi, amezalisha ng'ombe au ametoa kupe, basi aseme. Asisubiri kuulizwa. Mhudumu wa zahanati ana foleni ya watu sitini wenye homa na wengi wao kweli wana malaria. Sentensi moja ya mgonjwa, kwamba mimi ni mchinjaji, inaweza kubadilisha mwelekeo wa matibabu na kumkinga mhudumu mwenyewe. Kama kuna damu inayotoka pasipo sababu, asipelekwe kwenye maombi ya kuwekewa mikono kwanza. Baba wachungaji wetu wamelikubali hili katika kikao chao: wataomba wakiwa wamesimama hatua kadhaa, na wataomba hospitali. Simu ya bure ya Wizara ya Afya, 199, inapokea taarifa.

Anayemhudumia mgonjwa wa namna hiyo nyumbani wakati usafiri unatafutwa awe mmoja tu, avae glovu, na damu iliyomwagika ifunikwe kwa klorini, sehemu moja ya JIK kwa sehemu sita za maji, kabla ya kufutwa. Mgonjwa akifariki, mwili usioshwe na familia. Tunajua neno hili ni zito. Mkoani Kagera, wakati wa ugonjwa wa Marburg mwaka 2023 ulioua watu 6 kati ya 9 walioupata, na tena Biharamulo mwaka 2025 ulipoua 10, familia ziliombwa jambo hilohilo. Mwaka 2025 sampuli zilipimwa katika maabara ya Kabaile, hukohuko Kagera, kisha zikathibitishwa Dar es Salaam. Maana yake ni kwamba leo damu ya mgonjwa wa Kanda ya Ziwa haihitaji kuvuka bahari ili ipewe jina.

Jina hilo ndilo alilolikosa bibi yule. Yupo hai, amerudi kwake, na Jumapili huketi benchi la pili upande wa wanawake. Mwaka jana tulipomtembelea alituuliza kama sasa tumejua mjukuu wake aliumwa nini. Tukamwambia hapana, Bibi, tumechelewa. Akasema basi msichelewe kwa wengine, akatukaribisha viazi.

Josho litafufuliwa msimu huu wa mvua kama kikao cha wafugaji kitakubaliana juu ya malipo kwa kichwa cha ng'ombe badala ya malipo sawa kwa kila kaya. Mwenyekiti wa kijiji, bwana mifugo, mwinjilisti na wawakilishi watatu wa wenye mifugo michache wamealikwa, na safari hii daftari la fedha litashikwa na mama mmoja mweka hazina wa kikundi cha kuweka na kukopa ambaye hajawahi kupoteza hata shilingi mia. Kamati za sharika nyingine zenye majosho yaliyokauka zilete barua ofisini zikitaja mambo matatu: maji yako umbali gani, ng'ombe ni wangapi kwa kaya, na josho lilikufa mwaka gani na kwa sababu gani. Sababu iandikwe ya kweli, hata kama inatuhusu sisi.